Hafi Mtu Hapa

Bryan Johnson, tajiri wa Marekani, ameapa kukikwepa kifo. Mwaka 2023 alitiwa hata plazima ya mwanawe. Haikumfaa, alikiri mwenyewe. Angekuja Modogashe, Garissa inapopakana na Isiolo, akutane na aliyevuka mipaka ya mwili bila maabara: ngamia. Hupoteza robo ya uzito wake kwa kiu, akifika kisimani anakata takriban lita 100 kwa dakika 10, kisha huyo, anacheua. Mchungaji wake hana maumbile hayo. Lakini mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, alihimizwa avumilie, na waheshimiwa walioteremka kwenye helikopta, kila mmoja na chupa yake ya maji baridi.