Namna ya Kumpokonya Jirani Kiberiti Bila Kugombana

Bonde la Mbwemkuru likishakauka, mkazi wa Nachingwea au Ruangwa ajifunze kwanza kuutambua moshi kwa pua. Ile harufu ya salfa alfajiri, kuanzia Juni hivi, ni dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Inapulizwa mapema kwa kuwa upepo bado umelala. Ivumilie, maana korosho ndiyo inayolipa ada za watoto wa mtaa mzima. Funika maji, anua nguo, funga dirisha.

Usivumilie mifuko ya salfa inayochomwa baada ya kazi. Salfa ikiungua hutoa gesi inayobana kifua, na mwenye pumu haombwi subira. Wala usivumilie maganda ya korosho yanayochomwa uani. Yana mafuta makali yanayombabua mbanguaji vidole, na moshi wake unawasha macho ya mtoto aliyelala nyumba ya tatu.

Sasa nenda kwa jirani, lakini usiende moto ukiwaka. Mtu mwenye kiberiti mkononi na macho yanayotoka machozi hasikii la mtu. Nenda jioni nyingine, piga hodi, kaa mkekani, uliza hali ya mikorosho, ndipo useme: "Mzee mwenzangu, moshi wako unaingia chumbani kwa mama." Usiondoke bila jambo la kufanya: majani anayochoma yafukiwe shimoni yaoze yawe mbolea, na korosho zikaangwe mbali na nyumba, upepo ukielekea porini. Ujitolee kushika jembe. Shimo linalochimbwa na watu wawili halina mshindi wala mshindwa.

Akikaidi, mtume mtani wake. Huku kusini mtani huruhusiwa kumwambia mtu mbele ya wajukuu zake kwamba ananuka kama ngozi ya mbuzi iliyoungua, na mwambiwa hucheka. Maneno hayohayo yakitoka kwako ni kesi. Siamini kama ipo karatasi ya serikali inayofanya kazi haraka hivyo.

Mtani naye akishindwa, mwone mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji, kisha afisa afya. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inawapa mamlaka za afya nguvu ya kuamuru kero iondolewe. Ukifika, taja siku, saa, kinachochomwa na nani ameugua. Ukisema "moshi unanikera" tu, afisa hajui aanzie wapi.