Mla Mihogo Hakuulizwa

Wapiga picha wa Lighthouse, ndivyo sisi wa Mombasa tunavyoiita bustani ya Mama Ngina ya ufuoni, walikuwa wasumbufu kweli kweli. Mtu na kamera yake shingoni atakuandama toka mibuyuni hadi ukutani, akikuonyesha picha za wateja wengine, akitaja bei, akiishusha, akikusifia hata kwa usichonacho. Lakini usumbufu wote ule ulikuwa ni kuomba ruhusa. Ukisema sitaki, atanuna aende kwa mwengine.

Siku hizi kuna vijana wa miwani. Juzi mmoja alikuja kusimama pale kwa mama wa mihogo, jua limeshazama na yeye bado ana miwani myeusi usoni. Nikadhani anaangalia meli inayoingia Kilindini. Kumbe miwani ina kamera, nami nimo, pamoja na karai la mafuta na sahani yangu ya pili, ukwaju unachuruzika kwenye ndevu zangu za hina. Mimi nina presha. Daktari amenikataza mafuta na chumvi, na mke wangu humsikiza daktari kuliko anavyonisikiza mimi. Sijafika Mji wa Kale, video imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shemeji yangu aliyeko Muscat ndiye aliyeanza kucheka.

Nikampelekea mpwa wangu malalamiko, maana anasomea kompyuta. Badala ya pole akanipa darasa.

"Mjomba, tatizo si kamera. Ni programu iliyomo ndani. Imefungwa, ni vigumu mtu wa nje kujua picha zinapelekwa wapi."

Akanihadithia habari za Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 kwamba ataunda mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote ataruhusiwa kuutumia, kuuchungua, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Na simu ya mkononi hataki hata kuibeba, kwa kuwa inamchongea alipo. Hapo nikampenda. Mume asiye na simu hapigiwi akaambiwa apitie Marikiti.

"Na si mambo ya Wazungu tu," mpwa akaongeza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kwa vile msimbo wake ulikuwa wazi hakuna aliyehitaji kupiga magoti kwa kampuni yoyote kuomba kibali.

Nilimsikiza mpaka mwisho, maana kahawa alikuwa amenunua yeye. Kisha nikamuuliza: uhuru wote huo ni wa nani? Ni wa mwenye miwani! Yeye ndiye atakayeichungua programu na kuibadilisha apendavyo. Mimi mla mihogo nimepewa nini? Miwani ya Ray-Ban Meta, kwa mfano, ina kijitaa kinachowaka inaporekodi. Mpe mwenye nayo ruhusa ya kubadilisha kila kitu, uone kama hataanza na hicho kijitaa.

Mpwa akanywa kahawa kwanza.

"Angalau tungejua inafanya nini, mjomba."

Hilo nampa. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard, AnhPhu Nguyen na Caine Ardayfio, waliiunganisha miwani ya aina hiyo na huduma ya kutambua sura, wakawa wanawaita kwa majina watu wasiowajua. Na picha zetu zikishaondoka huweza kuangukia macho ya watu, si ya mashine peke yake. Hapo Nairobi kampuni ya Sama iliajiri vijana wakae kutwa wakitazama machafu ya Facebook. Mmoja wao, Daniel Motaung, akazishtaki Sama na Meta, wenye Facebook na miwani hiyo, mwaka 2022. Baada ya uchafu wote ule, sahani yangu ya mihogo ingekuwa mapumziko kwao.

Basi nikakimbilia sheria. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, wiki chache tu baada ya Sikukuu ya Mashujaa kuadhimishwa hapo hapo Mama Ngina. Na ina meno: mwaka 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Nikaanza kupanga nitanunua nini.

"Kwanza, faini haiji kwako," mpwa akanikata. "Pili, sheria haimgusi mtu kwa mambo yake binafsi na ya nyumbani kwake. Kijana atasema alikuwa akijirekodia machweo."

Machweo gani, na bahari yetu inaelekea mashariki? Na mdomo wangu umekuwa lini nyumba ya mtu?

Alipoona nimeanza kuhema akakumbuka presha. Akaniahidi kwamba siku programu za miwani zitakapokuwa wazi, ataandika yake mwenyewe ya kufifisha nyuso za wote wasioombwa ruhusa, na aigawe bure.

"Itafifisha na ndevu?"

"Na ndevu."

"Na kitambi?"

Akanitazama kitambo, akipima. "Hicho, mjomba, kitahitaji kompyuta kubwa zaidi."