Bei ya Dumu Moja la Maji

Mwalimu mmoja wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alibandika ukutani bei za kazi za nyumbani: chombo kimoja kuoshwa, shilingi 50, kufagia uwanja, 200, dumu la maji kutoka bombani, 300. Alitaka wanawe wajue thamani ya pesa.

Waliijua upesi mno. Siku ya pili tu vyombo viliongezeka: kijana wa kati alikunywa chai ileile kwa vikombe vitatu. Dada yake wa darasa la sita akaingia kwenye udalali. Alitwaa kazi yote ya maji, akamlipa kitinda mimba 100 kwa kila dumu, mwenyewe akakaa kivulini na 200 zake. Mdogo alipogoma, dada akaazima punda wa jirani kwa malipo ya debe la pumba. Kufikia Jumapili pipa lilijaa, sufuria zikajaa, beseni la kuogea likajaa, na baba akadaiwa.

Alipojaribu kushusha bei, kijana wa kati, miaka 11, alimkumbusha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayoruhusu ajira nyepesi kuanzia miaka 14. Baba akasema kuosha sahani uliyolia si ajira.

"Sasa mbona kuna mshahara?"

Hapo mwalimu alikwama, na ndipo penye kasoro ya mpango mzima. Kazi ikishalipwa, mtu anaweza kuiacha. Jioni moja ya Julai, baridi imeshuka kweli, binti alihesabu akiba yake, akaona inatosha, akatangaza kwamba leo yuko likizo.

Bibi yao, aliyekuja kutoka Dongobesh na vitunguu saumu kwenye kiroba, aliuliza kama na yeye atalipishwa kuwashiwa moto. Kwa wafugaji na wakulima wa Mbulu na Hanang mtoto hufundishwa mali kwa njia nyingine: anaoneshwa kuku au mbuzi, anaambiwa huyu ni wako, mtunze. Kuku akilalia siku 21 vifaranga wanatoka. Mwewe akiwachukua, hasara ni yako. Hakuna anayelipwa kufagia. Ni somo zuri, ingawa lina tundu lake: mbuzi huwa wa mtoto mpaka siku ya mnada, kisha anageuka kuwa wa baba.

Kibubu cha mtoto nacho ni vilevile. Mama hupungukiwa chumvi, baba hupungukiwa vocha, na kisu chembamba hufanya kazi yake usiku. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini sare na madaftari bado hununuliwa, na kila Januari mkopeshaji wa karibu ni mtoto. NMB na CRDB zina akaunti za watoto, ila anayezisimamia ni mzazi yuleyule mwenye kisu.

Basi wazazi waliokopa kwenye kibubu tangu Januari warudishe kabla ya mavuno kuisha. Mwenye pesa ameandika kila kitu nyuma ya daftari la hisabati.