Kutu ya Dola Milioni Tatu

Mwaka 1974 familia moja ya Marekani ilinunua Ford Mustang ya kijani. Mama wa familia hiyo, mwalimu, akawa anaendea nayo kazini. Kumbe ndiyo ileile mwigizaji Steve McQueen aliyoiendesha kwenye miinuko ya San Francisco katika filamu ya Bullitt, 1968. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe akaandika barua, anaomba auziwe. Wapi!

Januari 2020 ikapigwa mnada Florida: zaidi ya dola milioni 3, pamoja na kutu, mibonyeo na vifungio vya kamera. Ingenyooshwa bodi na kupigwa rangi, bei ingeporomoka. Tafadhali, fundi wangu wa gereji asisikie haya.

Na filamu yenyewe, waumini wa magari makongwe, mmeitazama vizuri? Dodge Charger ya majambazi inadondosha vifuniko vingi vya magurudumu kuliko idadi ya magurudumu yake. Kila kona, kigari kilekile cha kijani cha Volkswagen kinapitwa kwa kishindo, kisha kinakutwa tena mbele, kimetulia. Hicho hakuna dalali aliyekiulizia.