Mfunua Sufuria

Nyumbani nilijulikana kwa kufunua sufuria. Mama akishapalia wali, mimi nachungulia. Mvuke unatoka, wali unabaki mgumu, nami naambulia kofi la mkono. Sikujua tabia hiyo ingenifuata hadi kidato cha tatu, maabara ya kemia.

Siku hiyo tulitafuta fomula empirikali ya oksidi ya magnesiamu, yaani uwiano mdogo kabisa wa atomi zake. Kila meza ilipewa utepe wa magnesiamu wa gramu 0.36 iuchome ndani ya krusibo, kikombe cha kauri chenye mfuniko. "Funueni kidogo tu, hewa iingie," mwalimu alionya. "Moshi mweupe ukitoka, ndiyo oksidi yenyewe inaondoka."

Kidogo tu? Mimi? Niliinua mfuniko kwa koleo, mwanga ukanimulika machoni, nikasahau kuurudisha. Wingu jeupe likapaa taratibu hadi darini. Mwenzangu akalipigia makofi akidhani jaribio limefaulu.

Mizani ikasoma gramu 0.52. Tukatoa 0.36, oksijeni ikawa 0.16. Tukagawa kila kimoja kwa uzito wa atomi yake ili tupate moli, yaani kipimo cha wingi wa atomi: 0.36 kwa 24, moli 0.015; 0.16 kwa 16, moli 0.010. Uwiano: 1.5 kwa 1. Mwenzangu akashauri ile nusu tuitupe. Nikamwambia atomi si chapati, haikatwi. Tuzidishe kote kwa mbili. Tukapata Mg₃O₂, kitu ambacho dunia haijapata kukiona, tukakipigia mstari mara mbili.

Meza ya jirani walipata MgO safi: gramu 0.36 zimekuwa 0.60 kamili, hata punje haikupotea. Wivu ukatukaba.

Mwalimu akapita na kalamu nyekundu. Alisoma karatasi yetu mara moja, akanikazia macho: "Nani alifunua?"

Nikaduwaa. Mama angalau huuona mvuke. Huyu kaona namba tu!

"Mlitakiwa mpate 0.60," akasema. "Gramu 0.08 za oksidi yenu ziko darini."

Kisha akafunua krusibo ya majirani. Utepe ulikuwa umejikunja humo, unang'aa, haujaonja moto. Walikuwa wamepika matokeo, wakasahau kupika magnesiamu.

Wao walipata sifuri. Sisi tulipata tano kwa kumi, na chini yake maneno mekundu: "Hawa wameunguza, lakini wamepika."