Hiyo Mpaka Dar

Kwa Mheshimiwa yeyote mwenye dhamana ya vitu vinavyopatikana Dar es Salaam tu,
Popote ulipo (nadhani Dar es Salaam).

YAH: OMBI LA MJI WETU KUTANGAZWA KUWA KATA YA DAR ES SALAAM

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mfasiri, mkazi mpya wa mji mdogo mkoani Ruvuma, kwenye milima ya kahawa. Nilihamia huku baada ya miaka 19 ya Dar. Nilihama kwa hiari. Sikufukuzwa na mwenye nyumba, ingawa alijitahidi. Nilikimbia foleni, joto na spika za baa ya jirani. Huku nimepata hewa safi, maharage mabichi, baridi ya Juni inayodai sweta mbili, na samaki mbasa wa Ziwa Nyasa. Hewa sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maneno matatu: hiyo mpaka Dar.

Niliyasikia mara ya kwanza wiki ya pili, miwani yangu ilipovunjika. Nilimpelekea fundi saa wa stendi, ambaye pia ni fundi redio na fundi miwani. Akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akasema kwa upole, "Lenzi hizi, mwalimu, hiyo mpaka Dar." (Huku kila mvaa miwani ni mwalimu.) Wiki ya nne ilikuwa chaja ya kompyuta. Mwezi wa tatu, wino wa printa. Mwezi wa tano, dawa ya matone ya macho, ambayo nisingeihitaji kama lenzi zingepatikana. Mwaka ulipokaribia kwisha, jirani alikuja kuniuliza atapata wapi kifaa cha pampu yake ya maji. Kabla hajamaliza, mdomo wangu wenyewe ulishajibu. Hapo ndipo nilipojua nimekuwa mwenyeji.

Labda, Mheshimiwa, hujawahi kuyapima uzito maneno hayo. Yapimie ndani ya basi. Linaondoka alfajiri na giza lake, linapita Songea, Njombe, Makambako, Iringa, linateremka Kitonga abiria wote wakiwa wacha Mungu kwa dakika kadhaa, linakatiza Mikumi polepole kwa sababu tembo ana haki ya kuvuka barabara, na usiku linakushusha Mbezi. Kutoka Songea peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Asubuhi unatoka Mbezi kwenda mjini, na nani anakupokea? Foleni. Ile ile niliyoikimbia, imekaa palepale, haijakonda.

Wala huendi peke yako. Huku safari ya mtu mmoja ni ya mtaa mzima. Mara ya mwisho niliondoka na karatasi ya maagizo: kioo cha simu, tairi la toroli, vitenge vya harusi, maikrofoni ya kwaya, na spea ya pikipiki ambayo aliyeniagiza aliichora kwa kalamu kwa kuwa jina lake hakulijua. Inasemekana Kariakoo ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliokaa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zaidi ya miaka 100 imepita na wapagazi bado tupo. Tofauti ni kwamba siku hizi tunajilipia nauli.

Usidhani tu wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wa Mkoa wa Dar es Salaam walikuwa 5,383,728. Kwa hesabu ya haraka, katika kila watu 100, kama 91 hawaishi Dar. Sisi ndio wengi. Lenzi ndizo zimekaa na wachache.

Najua utanijibu kwamba mambo yanabadilika, hata serikali yenyewe imehamia Dodoma. Nakubali, na napongeza. Uamuzi ulipitishwa 1973 na safari ikashika kasi 2016. Miaka 43, hata basi letu halijawahi kuchelewa hivyo. Lakini nilishajaribu. Ofisi moja ya hapa, nisiyoitaja kwa sababu mhudumu wake ndiye anayeniuzia mayai, iliniambia jalada langu liko Dodoma. Nikapiga simu Dodoma, nikaambiwa liko Dar. Wakubwa walihama, jalada likabaki. Huenda linasubiri posho ya kujikimu.

Kuna na la kahawa. Mji wetu umezungukwa na mibuni. Nyumba zinapoishia, shamba linaanza. Dar nilikuwa nainywa kijiweni usiku, kwa yule muuzaji anayegonganisha vikombe, chungu, na kashata pembeni. Huku, kwenye mibuni yenyewe, nimeagiza kahawa mgahawani nikaletewa kopo la unga na chupa ya maji ya moto. Nilipouliza kahawa ya hapa iko wapi, dada akanitazama kwa huruma. "Ya hapa si inauzwa, baba?"

Nikiri pia jambo ambalo hata basi haliwezi kunibebea: kutojulikana. Dar nilinunua kilo mbili za nyama na nchi ikaendelea na shughuli zake. Huku nikinunua kilo moja, jioni naulizwa wageni wamefika saa ngapi. Mwanzo niliikumbuka Dar kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Kisha nikashikwa na homa. Sikumwambia mtu, lakini kabla ya saa nne uji ulikuwa mlangoni, na kabla ya adhuhuri mtu wa bodaboda alikuwa anasubiri kunipeleka zahanati. Nani alimwita, sijui mpaka leo. Miaka 19 nilipanga chumba ukuta kwa ukuta na mtu wa Dar ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Kwa hiyo hilo liandikwe pia kwenye orodha, ila kwa upande wa pili: hiyo mpaka huku.

Baada ya maelezo hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, mji wetu utangazwe kuwa kata ya Dar es Salaam, ili vitu vijue njia ya kutufikia. Umbali usikutishe. Chanika nayo ni Dar, na mkazi wake wa kweli hufika Posta akiwa na sura ya aliyetoka Songea.

Pili, ikishindikana, njoo wewe. Kaa nasi miezi 3 tu, nyumba ipo, mbasa wapo, uji nakuhakikishia. Usije na msafara, usije na dereva wa kumtuma mjini.

Na uje na miwani moja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi (mtarajiwa) wa Dar es Salaam

Nakala: Fundi saa, Stendi.