Jinsi ya Kumtia Farasi Wazimu kwa Ndoo Moja

Hongera kwa kununua farasi mstaafu wa mbio za Ngong. Bei ilikuwa ya kutupa, na siku ulipokwenda kumtazama alisimama akisinzia huku mtoto wa jirani akimkuna shingo. Sasa kilichobaki ni kumharibu. Kazi hiyo haihitaji mjeledi wala kelele, ndoo inatosha.

Anza kwa kumwonea huruma. Mbavu zinachungulia? Basi ana njaa, na mwenye njaa hapa kwetu hupewa mahindi. Mwagize saisi apime gorogoro moja asubuhi na moja jioni. Akikwambia, "Bosi, huyu alizoea oti," mjibu kwamba gorogoro ni gorogoro. Na mizani isikanyage zizini kwako, itakuumbua bure. Gorogoro ya mahindi ni kama kilo 2, ilhali oti ni nyepesi na zimejaa maganda, kiasi kwamba kopo hilohilo likijazwa oti humpa farasi karibu nusu tu ya nguvu. Umebadilisha chakula, hukubadilisha kopo, na nguvu imeongezeka maradufu bila wewe kutoka jasho.

Nguvu hiyo itakwenda wapi? Alipokuwa kwenye mbio alitolewa alfajiri na kukimbizwa hadi povu limtoke. Kwako anapandwa Jumamosi nusu saa, kisha anarudishwa bandani. Usibadilishe ratiba hiyo.

Wataalamu wa lishe hushauri wanga usizidi gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wa farasi katika mlo mmoja. Huyu wako wa kilo 450 ana nafasi ya gramu 900 kwa kubanana sana, na gorogoro yako moja ina zaidi ya kilo nzima. Tumbo la farasi ni dogo kuliko mwili wake unavyodanganya. Kazi kubwa hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha nyuzinyuzi za majani taratibu. Wanga wa mahindi yasiyopikwa hauishi kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, basi hufurika mpaka huko nyuma, unachachuka upesi na kugeuka asidi. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, kwato kushika moto na, kabla ya hayo yote, mnyama asiyejisikia vizuri na asiyeweza kukwambia.

Sasa punguza nyasi. Kiangazi kimekaza, robota za Rhodes zimepanda bei, na kwani mahindi hayashibishi? Asidi ya tumbo la farasi hutoka usiku na mchana, awe anakula au hali, lakini mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Gorogoro ya mahindi huisha ndani ya dakika chache. Baada ya hapo anakodolea ukuta macho kwa saa nyingi, asidi ikimla. Ukikaza mshipi wa tandiko atalaza masikio nyuma na kukung'ata mkono. Andika kwenye daftari: ana dharau.

Jumamosi utavuna. Pipa la maji ambalo amelipita kila siku leo limekuwa simba. Pua zimepanuka, mkia umesimama, anatembea upande kama kaa wa pwani. Mfuko wa plastiki unapeperuka kwenye ua, na wewe ndiwe unayebaki chini ukitazama tumbo lake likipita juu yako.

Baada ya hapo tafuta mchawi. Sema ni damu ya mbio, au sema saisi alimpiga. Nunua lijamu kali zaidi. Nunua na unga wa kutuliza wenye magnesiamu, ambao ushahidi wake ni mwembamba kwa farasi asiyepungukiwa nayo, kisha uchanganye na molasi ili aupende. Ukiona haya yote hayatoshi, mgawie chokoleti yako. Huko Uingereza mwaka 1979, farasi No Bombs alishinda mbio kisha akapokonywa ushindi kwa sababu vipimo vilionyesha kemikali iliyokatazwa, aliyoipata kwenye kipande cha chokoleti ya Mars alichokula.

Jambo moja ni la kweli tupu, usilichezee. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ubongo wa farasi. Huanza kuzubaa, anazunguka bila kujua aendako, anasukuma kichwa ukutani, haoni, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Gunia lenye harufu ya uvundo halina mnyama wa kulipunguzia hasara.

Tukirejea kwenye somo, jihadhari na watu wa kukuharibia kazi. Watakuambia umpe nyasi kilo 7 hadi 9 kwa siku, zigawanywe asikae mdomo mtupu. Watasema anayehitaji mwili aongezewe mafuta ya kula kidogo kidogo, kwa kuwa farasi wa mafuta na nyuzinyuzi wameonekana kushtuka kidogo kuliko wa wanga. Watataka chakula kibadilishwe kwa siku 10 hadi 14, na mnyama aachiwe uwanjani atembee. Wenye busara zaidi wataongeza kwamba si kila kituko hutoka kwenye ndoo: kuna farasi mwoga tangu kuzaliwa, na kuna tandiko linaloumiza mgongo. Hao ndio wabaya kabisa, maana wataanza kumkagua.

Hatua ya mwisho ni kumuuza. Tangazo liseme: "Ana moto, anamfaa mpandaji mzoefu tu." Akija mnunuzi ambaye, kabla hata ya kuuliza bei, anauliza farasi anakula nini na kwa kipimo gani, mwambie ameshauzwa.